Jua Liko Chini, Ng'ombe Yuko Juu

Hei ni majani yaliyokauka. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo ninavyoambiwa hadi leo na kila mtu ambaye hajawahi kuitengeneza. Shemeji yangu wa Dar es Salaam, ambaye ng'ombe anamfahamu kupitia mishikaki, aliniuliza kwenye simu: "Sasa shemeji, hapo kazi iko wapi? Si unakata, unaacha yakauke, unakusanya?" Nikamwambia aje Juni nimwonyeshe kazi ilipo. Mpaka sasa hajaja.

Kama kukauka peke yake kungetosha, tambarare yote kuanzia Boma Ng'ombe kushuka chini ingekuwa ghala la hei kila ifikapo Agosti. Majani yapo, yamesimama, yamekauka kabisa, na hayana kitu. Ng'ombe akiyala anajaza tumbo tu, maana lishe iliondoka pale yalipozeeka na kumwaga mbegu. Hei ni majani yaliyowahiwa yakiwa bado na mali ndani yake, yakakaushwa haraka kabla mali hiyo haijatoroka. Shida ni kwamba majani huwa na mali wakati mvua haijaondoka bado, na jua la kuyakausha huja mvua ikishaondoka, wakati majani yameshakuwa ufagio. Aliyepanga ratiba hii hakuwa mfugaji.

Kwetu Machame kuna nyongeza. Ng'ombe wetu hawachungwi. Wanakaa bandani katikati ya kihamba, chini ya migomba na kahawa, na chakula wanaletewa. Kihamba kiko juu, kwenye baridi. Masika ikishakwisha mwezi wa tano, mlima unajifunika mawingu, na mwezi wa sita na wa saba manyunyu yanashuka bila kupiga hodi. Nguo iliyofuliwa Jumatatu unaivaa Ijumaa, na mifuko yake bado ina unyevu. Jua lenyewe liko chini, upande wa barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, ambako wengi wetu tuna shamba la pili la mahindi. Kwa hiyo jua liko chini, ng'ombe yuko juu, na katikati kuna mlima ambao mtu lazima aupande na mzigo.

Miaka yote hiyo waliobeba tatizo hili ni akina mama, na walilibeba kwa shingo zao. Wanashuka bondeni, wanakata majani, wanafunga mzigo, wanaupandisha kichwani. Siku hizi kuna magari. Mahindi yakishavunwa, malori hupanda jioni yamesheheni mabua mpaka dereva haonekani. Ukisikia injini inalia kwenye kona, unatoka getini na pesa mkononi. Bei anaijua mwenye gari, na inapanda kadiri gari linavyopanda.

Mwaka nilioamua kuachana na mabua, ng'ombe wetu Malkia alikuwa amezaa ndama wa pili, na mimi nilikuwa nimestaafu kufundisha hisabati. Hali hizo mbili zikikutana nyumba moja, majirani wanapaswa kuarifiwa.

Nikakaa na kalamu. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu kiasi cha asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 12. Kuanzia katikati ya Julai hadi vuli ya Oktoba ni siku 90 hivi. Kilo 12 mara 90 ni 1,080, na ukiweka ule unyevu kidogo ambao hubaki kwenye hei, unakaribia kilo 1,270. Robota lililoshindiliwa kwa miguu lina kilo 18 au zaidi kidogo. Jibu: marobota 70. Mke wangu alisimama nyuma yangu akaisoma karatasi, kisha akauliza: "Na migomba hatakula?" Ni kweli, ng'ombe wa kihamba hula pia mashina ya migomba, maganda ya ndizi na pumba. Nikapunguza mpaka marobota 50, nikapiga mstari chini ya jibu, mistari miwili.

Nilianza na majani niliyokuwa nayo. Kwenye kingo za mfereji wetu kuna majani ya tembo na gwatemala, mazuri mno yakiwa mabichi. Ukiyakausha, jani linakauka siku hiyo hiyo na kupukutika, huku shina lenye unene wa kidole gumba likitunza maji yake wiki nzima. Mwishowe unabaki na vumbi upande huu na fimbo upande ule. Bwana mifugo alipita, akaichukua fimbo moja, akaikunja, ikakataa kukatika. Akasema kwa upole wa serikali: "Mwalimu, haya ungetengenezea saileji." Kisha akanishauri nipande Rhodes kwenye shamba la chini.

Nyasi za Rhodes, ambazo wataalamu huziita Chloris gayana, ni wazawa wa Afrika hii hii. Cecil Rhodes alizipanda kwenye shamba lake kule Cape mwishoni mwa karne ya 19, na kwa kazi hiyo ndogo zikabeba jina lake mpaka leo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town walikomaa hadi sanamu yake ikaondolewa Aprili 2015. Nyasi hakuna aliyezigusa, na kwa ninavyomfahamu Malkia, hakuna atakayeruhusiwa. Zina shina jembamba na majani mengi, zinakauka kwa pamoja, na ukizikata zinachipua tena. Kuna aina kadhaa, na mojawapo iliyoenea sana Kenya inaitwa Boma. Mimi nikapanda Boma karibu na Boma Ng'ombe, jambo lililonichekesha peke yangu.

Mbegu zake ni nyepesi kupita kiasi. Inabidi uzichanganye na mchanga ili zitue unapozitupa, na usizifukie sana. Siku niliyopanda kulikuwa na upepo. Jirani yangu wa upande wa magharibi ana Rhodes safi kabisa, imejipanga vizuri mpakani, na hajawahi kununua mbegu maishani mwake.

Kanuni ya kukata ni kusubiri hadi nusu ya mimea iwe imetoa maua. Ukiwahi, unapata kidogo. Ukichelewa, unapata nyingi zisizo na lishe. Nusu hiyo, kwa bahati ya shamba langu, ilitimia mwanzoni mwa Juni, mawingu yakiwa bado yanashauriana. Nikafungua redio. Kwa mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro: hali ya mawingu kiasi, mvua nyepesi katika maeneo machache na vipindi vya jua. Sina ugomvi wowote na utabiri huo. Ulitimia neno kwa neno. Maeneo machache ni shamba langu.

Nilishuka na kwanja, nimelinoa mpaka linang'aa. Kwanja ni chombo cha kufyeka uwanja wa shule, na mimi nimesimamia adhabu za kwanja kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo nadharia yake ninayo. Lakini lenyewe linapiga majani badala ya kuyakata. Vipande vinaruka kila upande, na kipande kifupi hakifungiki kwenye robota. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na mundu wake kwenda kukata majani mferejini alisimama kunitazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Unapigana na nani?"

Nikaanza kumweleza faida za kwanja: unasimama wima, mgongo hauumi, eneo kubwa kwa muda mfupi. Wakati ninaeleza, yeye aliinama, akakamata fungu la nyasi kwa mkono wa kushoto, akavuta mundu vidole vinne juu ya ardhi, akalilaza fungu pembeni, vichwa vyote upande mmoja. Akakamata lingine. Sauti yake ilikuwa moja tu, krr, krr, haina haraka. Nilipofika kwenye faida ya tatu alikuwa ameshamaliza mstari wote mpaka kwenye mgunga, na nyasi zimelala nyuma yake zimenyooka. Akanyoosha mgongo, akaniambia kwa heshima zote kwamba kwanja langu ni zuri kwa nyoka. Kesho yake alikuja na wenzake, tukakubaliana malipo, nami nikapewa kazi ya kupeleka maji ya kunywa.

Nyasi zikishalala chini zinataka siku mbili au tatu za jua, na kugeuzwa kila asubuhi umande ukishapanda. Usizigeuze jua kali la mchana, maana jani likishakauka linavunjika, na jani ndilo chakula chenyewe. Siku ya kwanza jua liliwaka vizuri. Harufu iliyoinuka shambani jioni ile sina namna ya kuieleza. Kijana wangu wa kazi alisema angekuwa ng'ombe angehamia hapo hapo.

Usiku simu ikaita. Baba mdogo mmoja wa ukoo ametutoka.

Asiye wa kwetu anaweza kuona ni jambo la kupangilia tu. Huku hakuna kupangilia. Mtu wa ukoo hazikwi wewe ukiwa shambani, na hakuna sentensi ya Kiswahili wala ya Kimachame inayoanza na "Samahani wazee, nina majani yamelala" ikafika mwisho salama. Nikamwachia kijana reki na maelekezo, nikavaa suti, nikaenda kuzika.

Maturubai yalikuwa yamefungwa kati ya migomba, na mimi nikakaa kiti cha pembeni, mahali ambapo maturubai mawili yalikuwa hayajakutana vizuri. Kupitia ule upenyo niliona kipande cha anga kinachoelekea Boma Ng'ombe. Kilikuwa cheupe. Baada ya wimbo wa pili kikawa cha kijivu. Mchungaji akasimama, akafungua Biblia, na katika vitabu vyote sitini na sita alichagua Isaya sura ya 40, lile somo la majani. Waumini wakainamisha vichwa. Mimi niliinua cha kwangu, nikaangalia juu, na pumzi iliyonitoka ilitoka mbali, ikasikika mpaka kwenye viti vya wazee. Shangazi aliyekuwa nyuma yangu akaniwekea mkono begani. "Jikaze mwanangu," akaninong'oneza. "Ndiyo njia yetu sote."

Matone ya kwanza yalipopiga turubai, machozi yalinilengalenga. Kwenye ukoo wetu mpaka leo wanasema hakuna aliyempenda marehemu kunizidi.

Mvua ikiiangukia hei iliyoanza kukauka inaosha sukari, inapausha rangi, na kukulazimisha uigeuze upya huku majani yakipukutika. Kijana alijitahidi. Alipoona wingu alikusanya nyasi za upande wa mashariki akazirundika, akazifunika kwa turubai na kuweka mawe. Za upande wa magharibi zilinyeshewa, lakini kesho yake jua likatoka zikakauka upya, rangi ya kahawia kidogo. Za chini ya turubai zilibaki kijani, nzuri kwa macho, na zina joto la kwao ndani. Huyo kijana nimemtetea mbele ya watu wengi, na ninamtetea hapa pia: turubai lilikuwa moja.

Kujua kama hei imekauka kuna njia ya wazee na njia ya kijitabu. Njia ya wazee, unachukua fungu unalisokota. Likikatika bila kutoa unyevu kwenye viganja, iko tayari. Njia ya kijitabu ni ya kisayansi zaidi, kwa hiyo niliichukua hiyo. Unakatakata hei, unaitia kwenye kopo la kioo lililokauka pamoja na kijiko cha chumvi, unafunga kifuniko, unatikisa dakika chache. Chumvi ikigandamana, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Chumvi ikibaki inatiririka, funga robota.

Nikaenda na sampuli jikoni. Chumvi ikaganda. Nikachukua sampuli ya pili, sehemu ambayo ilikauka mpaka inakwaruza. Ikaganda. Ili kulijaribu jaribio lenyewe, nikakata vipande vya ufagio wa chelewa ambao upo nyumbani tangu mtoto wetu wa mwisho akiwa darasa la nne. Chumvi ikaganda.

Mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Aliniangalia nikiutikisa ule ufagio ndani ya kopo la jamu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Baba watoto, hiyo chumvi hata kwenye mkebe wake inatolewa kwa kisu."

Ndiyo hali ya chumvi ya mlimani mwezi wa sita. Inagandamana yenyewe, haihitaji msaada wa nyasi. Akachukua kikaango, akaikaanga kavu mpaka ikaanza kurukaruka, akaiacha ipoe. Baada ya hapo jaribio likafanya kazi bila kasoro, na ninalipendekeza kwa yeyote mwenye kikaango. Ufagio ulifaulu. Nyasi za upande wa magharibi zilifaulu. Za chini ya turubai zilishindwa, lakini kidogo. Nasema kidogo nikiwa mtu niliyesahihisha mitihani maisha yangu yote: kuna kushindwa, na kuna kukosa alama mbili. Nikaziongezea alama mbili.

Sanduku la kufungia ndilo lililonikutanisha na fundi seremala. Vipimo viko wazi: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, mbao imara, na halina mfuniko wala kitako. Unaliweka chini, unalaza kamba mbili za katani ndani yake ncha zikining'inia nje, unajaza nyasi, unakanyaga, unajaza, unakanyaga, unafunga kamba, kisha unalinyanyua sanduku na robota linabaki limekaa chini. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, sanduku bila chini?"

"Bila chini."

"Hilo ni fremu."

"Basi nitengenezee fremu."

"Bei ni ya sanduku."

Tukakubaliana. Siku ya kulichukua lilikuwa limefungwa kwa kamba juu ya baiskeli, limepakwa vanishi, na sikuona sababu ya kulipindua. Tulipofika shambani tukajaza, tukakanyaga, tukafunga, tukashika pande mbili na kunyanyua. Robota likanyanyuka pamoja na sanduku. Tukalipindua tukagonga. Tukaliweka wima tukalitikisa. Ndipo kijana akapitisha mkono kwa chini, akasema, "Mwalimu, hapa kuna mbao." Nikampigia fundi. Akacheka kwa furaha ya mtu aliyesubiri kushukuriwa. "Nimekuwekea bure," akasema. "Nilikuonea huruma." Misumari ya inchi tatu, na ameipiga kwa ukaribu wa mtu asiyetaka wema wake ung'oke. Robota hilo la kwanza lilitolewa kwa nyundo na mtaimbo, na mpaka linatoka halikuwa robota tena.

Kitako kilipong'olewa kazi ilikwenda. Kukanyaga ndiyo siri: mtu mzito aingie ndani ya sanduku aruke, hasa pembeni, kwa sababu pembe zikiwa legelege robota linafumuka. Kati ya kijana na mimi, mzito ni mimi. Nikavua viatu, nikakunja suruali magotini, nikaingia. Ukipata mdundo inakuwa rahisi, na mdundo nilioupata ulikuwa wa wimbo wa mchakamchaka wa shule ya msingi, ambao hauimbwi kwa sauti ndogo.

Mama mkwe alikuwa ametoka mnadani Boma Ng'ombe akaona apite kutusalimia. Alitokea nyuma ya mahindi na mwavuli wake. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Unamsalimia umesimama sawasawa, umefunga vifungo, na kama inawezekana una viatu.

"Shikamoo mama," nikasema, nikiendelea kuruka, maana ukiziacha nyasi kabla hazijafungwa zinafura upya.

"Marahaba baba."

Akanitazama kidogo. Kisha akamgeukia kijana, akamuuliza kwa sauti ya chini ambayo niliisikia yote: "Ameanza lini?"

Tulipomaliza nikahesabu. Nyasi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Robota moja la kilo 18 limetokana na nyasi mbichi zinazokaribia kilo 70. Lile shamba lililokuwa linanifika kiunoni, ambalo akina mama walilikata mpaka mikono ikawauma, lilikuwa limekaa kwenye kijumba cha marobota thelathini na kitu. Nililizunguka rundo upande wa pili nikidhani kuna mengine.

Kupandisha Machame tulikodi guta la matairi matatu. Kwenye tuta la mbele ya shule niliyofundisha, robota la juu lilifumuka, na wanafunzi walikuwa mapumziko. "Shikamoo mwalimu!" waliimba wote kwa pamoja, nami nikiwa nimepiga magoti katikati ya barabara nakusanya nyasi, nikishindana na mbuzi wawili. Niliitikia salamu. Mbuzi walishinda.

Ghala letu lilikuwa sahihi kabisa, na hapo sipokei ushauri. Uchanja wa mbao ili hewa ipite chini, nafasi ukutani, bati lisilovuja. Marobota ya kahawia chini, ya kijani juu ambako wageni wangeyaona. Wiki iliyofuata mke wangu akauliza kwa nini kuku hawalali tena kwenye banda lao. Tukachungulia. Katika baridi ile ya Julai kuku wote wa kienyeji, pamoja na jogoo, walikuwa wamekaa juu ya robota moja, wamepanua mabawa, macho nusu yamefumba. Nikawafukuza, nikaweka mkono. Nikautoa.

Nyasi zilizofungwa na unyevu haziko kimya. Zinaendelea kupumua, vijidudu vinafanya karamu, na joto linakosa pa kutokea. Likivuka nyuzi 70 za sentigredi hei inaweza kujiwasha moto yenyewe, bila kiberiti wala mchawi, na hatari kubwa ni katika wiki sita za mwanzo. Bwana mifugo aliniambia kwenye simu nichome nondo katikati ya robota, nisubiri, niivute na kuishika. Kama huwezi kuishika, alisema, toa nje sasa hivi. Sikuweza kuishika. Tukalitoa usiku huo na mengine yaliyolizunguka, tukayakata kamba uani. Mvuke ulipanda, na majirani wakaja na ndoo za maji. Moto haukuwaka. Walipoona hauwaki walikaa, mke wangu akapika chai, na kuku wakawa wanalia kwa kufukuzwa kwenye joto.

Ndani ya lile robota nyasi zilikuwa za hudhurungi, zinanukia tumbaku na sukari iliyoungua. Nikazitandaza zipoe, nikijua ni za kuweka kwenye migomba. Asubuhi Malkia alivuta kamba yake mpaka nguzo ikainama. Nikamtupia kidogo. Alikula akifumba macho. Nikamwekea hei ya upande wa magharibi, iliyofaulu mtihani wa chumvi. Aliinusa, akala kwa adabu, kwa jinsi mtu anavyokula kwenye kikao. Akageukia ile ya tumbaku akamaliza yote. Joto likizidi, sukari na protini za nyasi hushikana, hei inakuwa tamu mdomoni lakini protini yake tumbo haliwezi tena kuitoa. Malkia habari hiyo hana. Siku alizokula ile tamu maziwa yalipungua, siku alizokula ile ya adabu yakarudi, na kila asubuhi alinitazama kwa jicho la kuniuliza yule mpishi mwingine amekwenda wapi.

Hei iliisha Septemba, na vuli haianzi mpaka Oktoba. Nafasi hiyo niliijaza kwa mabua. Lori liliposimama getini nilisokota fungu, nikanusa, nikachoma mkono ndani, nikamuuliza dereva yamevunwa lini na yamenyeshewa mara ngapi. Akanijibu kwamba bei imepanda.

Sasa tunaingia Juni tena na Rhodes imetoa maua karibu robo. Kwa hiyo ndugu, jamaa na marafiki wote wa Machame na vitongoji vyake: kama mna harusi, kipaimara, ubatizo au kikao cha ukoo mnachotaka kukiweka mwezi huu, naomba mnipigie kwanza nikaangalie shamba limefikia wapi. Msiba sina la kusema. Nitakuja, ila mnikalishe katikati, mahali pasipo na upenyo.